Pilipili Tatu za Sikudhani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hii si zamani ya kusimuliwa na babu. Ni zamani ambayo mimi mwenyewe nilikuwepo, nimesimama kwa miguu yangu miwili, nikaona kwa macho haya haya. Yote. Hakuna lililonipita. Na mtu akikwambia Kilua ni mwongo, mwulize yeye alikuwa wapi siku ile. Shule niliishia darasa la tano, nakubali, lakini hilo la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo hesabu inafika kumi.

Hapo zamani, basi, kijijini kwetu Kwamdulu, palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani, mke wa jirani yangu Singano. Mwanamke yule alikuwa na mkono wa pilipili. Wewe ukipanda zinakauka, yeye akitema mbegu zinaota. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kibustani kisichozidi mikeka sita: pilipili mbuzi, pilipili kichaa, na ile ndefu ya kachumbari. Alizijua moja moja kama watu wanavyojua mbuzi wao. Asubuhi anazinyunyizia majivu ya jikoni kuua vidukari. Jioni anazipa maji shinani, jani halilowi. Na mbegu zake bora alizifunga kwenye pindo la khanga, fundo dogo, halifunguliwi ila siku ya kupanda.

Sikudhani alikuwa na shoga yake, Mwashamba, nyumba ya pili kutoka hapo. Wakisukana wao, wakitwanga kinu kimoja wao, na mmoja akianza kucheka mwenzake ameshashika mbavu kabla hajajua kinachochekwa.

Sasa kwetu pilipili haipokezwi mkono kwa mkono. Hilo hata mtoto wa kunyonya analijua. Unaiweka chini, au juu ya kinu, au ukingoni mwa sufuria, mwenzio anaiokota mwenyewe. Ukimtia mtu pilipili kiganjani, mtagombana, na ugomvi huo hautakuwa mdogo.

Siku moja kulikuwa na harusi. Wanawake wako jikoni, moshi, kelele, wali unashika chini. Mwashamba akanyosha mkono nyuma bila kutazama: "Pilipili, shoga, hima!" Na Sikudhani naye, bila kutazama, akamtia pilipili kiganjani.

Wakageuka wakatazamana. Mwashamba amefumba kiganja, hajui aitupe au aishike.

"Tumefanya nini?" akasema.

"Basi tena," akasema Sikudhani.

Mnangoja niseme waligombana. Hawakugombana! Ndiyo ajabu yenyewe. Walipendana mno, basi kila mmoja akauogopa huo ugomvi unaokuja, akaona heri asikutane na mwenzake kabisa, ugomvi ukose pa kuingilia. Mwashamba akimwona Sikudhani kisimani, anarudi nyumbani na ndoo tupu. Sikudhani akisikia kandambili za Mwashamba njiani, anaingia ndani, anarudisha mlango taratibu. Miaka miwili. Hawakutukanana hata neno moja, na hawakusemezana hata neno moja.

Mwaka wa pili Sikudhani akajifungua mtoto wa kike, akaitwa Mize. Mtoto hajatimiza arobaini, mama akashikwa na homa. Akafa asubuhi, jua limeshapanda, kuku wanachakura uani kama hakuna kitu.

Wanawake wakaja kumwosha. Nyuma ya nyumba, kando ya ile bustani, wakazungushia mikeka, wakachimba shimo, wakaweka kitanda juu yake ili maji ya kuoshea maiti yaingie shimoni yasitapakae. Shimo hilo sisi tunaliita ufuo. Katika waoshaji akatokea Mwashamba. Hakuna aliyemwita. Aliingia, akakunja mikono ya gauni, akashika mguu wa shoga yake, akaosha. Wenzake wanalia, yeye hata pumzi haisikiki. Kisha akaichukua ile khanga aliyofia Sikudhani, akaona fundo pindoni. Akalifungua. Mbegu zote akazimimina ufuoni, juu ya yale maji. Ufuo ukafukiwa.

Mtauliza mimi mwanamume nilijuaje ya ndani ya mikeka. Nilijua. Tuendelee.

Siku ya arobaini, watu wako kwenye hitima, wanakula, mche ukachomoza pale ufuo ulipofukiwa. Mmoja tu. Mpilipili.

"Ng'oa," wakasema ndugu zake Singano. "Kilichoota kwa maji ya maiti hakiachwi uani."

Singano alikuwa mtu mpole, mpole wa kuudhi. Siku hiyo alishika jembe. "Atakayeung'oa," akasema, "aanze na mimi."

Wakaacha. Na nyie sikilizeni mti huo ulivyokuwa, maana mimi nilipakana nao uzio kwa uzio.

Mpilipili ukitunzwa vizuri unakwenda miaka mitatu, minne, halafu unachoka. Huu ulikwenda kumi na sita. Shina lake lilikuwa kama mkono wangu, na mkono wangu mnaujua, niliwahi kumshika fahali pembe akaomba radhi. Haukuinamia jua. Uliinamia mlango wa nyumba. Singano akiuwekea mti wa kuegemea, kesho yake anakuta mti uko chini na mpilipili umeinama pale pale, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya ndani. Kiangazi kilichokausha kisima cha kijiji, udongo wa shinani mwake ulikuwa na umajimaji. Ukilisugua jani lake, hunusi pilipili. Unanusa karafuu maiti, ile ya kutiwa kwenye sanda. Mbuzi wangu, ambao walikula hata kofia yangu ya sikukuu, walifika kwenye ule uzio wakasimama, wakarudi nyuma bila kugeuka.

Na hauzai. Maua unatoa, meupe, mengi. Yanaanguka yote.

Singano akaulea hivyo hivyo. Samadi kila masika, majivu kila juma, uzio wa matete uliofumwa hata panya hapiti. Hakuoa tena. Ukimwuliza anasema, "Nina kazi ya bustani." Bustani ya mti mmoja!

Mize akakua. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa na ulimi mkali kuliko chochote alichopanda mama yake. Siku moja akasimama mbele ya ule mti, mikono kiunoni.

"Baba, umeshaona nyuki hapa?"

"Bado."

"Sisimizi?"

"Bado."

"Basi maua yatazaaje? Unamwagilia mapambo, baba."

Akaenda akanyonyoa unyoya mmoja wa kuku. Kila asubuhi akawa anagusa ua hili, anagusa na lile, anarudi hili. Mwezi wa kwanza yakaanguka. Mwezi wa pili yakaanguka. Mwezi wa tatu yakaanguka, matatu yakabaki. Matatu hayo yakawa pilipili. Zikawa kijani, zikawa njano, zikawa nyekundu za kuumiza jicho. Pilipili mbuzi tatu, juu ya mti uliokaa miaka kumi na sita bila kitu.

Hapo ndipo naingia mimi.

Mimi kwa pilipili sina mpinzani. Nilishakula saba harusini, mbichi, huku nikiongea na mkwe. Sasa nipite kando ya uzio mchana, jua la utosi, nyumba kimya, na kitu chekundu kinanitazama? Nilipenyeza mkono, nikachuma moja. Nilikuwa na kipande changu cha muhogo wa kuchemsha mfukoni. Nikaing'ata ile pilipili kipande kidogo kwanza, kwa adabu. Haikuwasha. Ilikuwa kama nyanya! Nikacheka. Nikatia kilichobaki chote mdomoni, nikatafuna.

Jamani.

Haikuanza ulimini. Ilianza masikioni. Mnajua pilipili ikikushika kweli kweli masikio yanavuma? Yangu yalivuma mpaka nikakosa kusikia kuku, nikakosa kusikia hata kupumua kwangu. Kisha ndani ya ule uvumi nikasikia mtu mwingine anapumua. Taratibu, kama mwanamke aliyetua ndoo sasa hivi. Halafu akasema. Na sauti ile niliijua, maana Sikudhani alikuwa akisemea puani kidogo. Alitaja majina matatu: Singano, Mwashamba, Mize.

Nikaitema pilipili, lakini nikachelewa, nilishaimeza nusu. Nilipofumbua macho niko chali ndani ya uzio wa jirani, na sijui niliuruka saa ngapi. Mize yuko juu yangu na ndoo.

"Mjomba Kilua! Umekula?"

"Maji," nikasema.

"Mwizi hapewi maji. Umekula?"

"Mize, mama yako... mama yako anasema."

Akaimwaga ile ndoo chini. Akapiga ukelele. Singano akaja mbio kutoka shambani. Mwashamba akaja, na miaka kumi na sita yule mama hakukanyaga uani pale tangu siku ya kuosha. Nikawaambia. Majina matatu, nikasema. Nimewasikia nyote mkitajwa.

Singano akakaa chini palepale kwenye tope.

"Kula basi na wewe, baba," Mize akasema, "zimebaki m—"

Hajamaliza. Shore akashuka kutoka paani, wale ndege wadogo wenye kishungi, akadonoa pilipili ya pili akameza mbele ya macho yetu. Ndege hawawashwi na pilipili, hata asiyesoma anajua. Akarudi juu ya paa. Shore ni ndege wa kelele, hanyamazi hata akiwa na jani la kiota kinywani. Huyu alinyamaza. Aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio moja juu, akabaki hivyo. Nimwambie nani? Siku tatu baadaye alikuwa bado yuko pale, kichwa upande.

Na jani la kwanza likaanguka. Hapakuwa na upepo. Mchana mweupe, kimya, jani la kijani lisilo na kasoro likajing'oa, likaanguka. Likaanguka la pili.

"Mti unakufa," akasema Singano.

Akainuka, akaichuma ile pilipili ya mwisho kwa vidole viwili. Hakumpa mtu, angempaje? Akakipindua kinu, akaiweka juu yake. Wakakizunguka kile kinu watatu. Mimi nikasimama kando na ulimi wangu umevimba.

"Tuigawe," akasema Mize.

"Haigawiki," nikasema. "Kipande hakina kitu. Nimejaribu. Lazima iingie nzima."

"Wewe na kipande chako!" Mwashamba akanigeukia. "Zilikuwa tatu. Sisi ni watatu. Mungu alikuwa ameshapiga hesabu, Kilua, ukaja na muhogo wako!"

Muhogo wenyewe nikaurudisha mfukoni.

Singano akasema wa kwanza, na alisema akitazama pilipili, hakututazama.

"Asubuhi aliyokufa, aliniita. Mimi nilikuwa hapa hapa bustanini. Nilikuwa nimenuna. Jana yake alinicheka mbele ya kaka zangu, akasema uzio ninaofunga mimi hata kifaranga anaupita. Akaita, 'Singano!' Nikasikia. Akaita, 'Baba Mize!' Nikasikia. Nikasema moyoni, na aje yeye akinitaka. Akaita mara ya tatu, 'Sin...' ikaishia hapo. Miaka kumi na sita nimemfungia uzio hata panya hapiti. Wote mlisema ning'oe. Nani alishika jembe? Kama si mimi, mngekuwa mnazunguka kinu kitupu. Nataka kusikia alichokuwa akiniitia. Alitaka maji? Hata kama ni maji tu. Nijue."

Majani yakaanguka, matano, sita.

"Wewe angalau alikuita," Mwashamba akasema. "Mimi alinifungia mlango, nami nikamfungia wangu, tukakwepana kama wadeni na hatudaiani. Mbegu nani alizitia ufuoni? Mikono hii. Sikutumwa na mtu. Nilisema moyoni, shoga, ugomvi wetu ulikuwa unakuja, haukufika, basi nakupa njia uulete. Mimi sitaki aniambie neno zuri. Namtaka anitukane! Anitukane mimi, na mama yangu, na pua yangu hii aliyokuwa akiicheka. Tugombane tumalize. Miaka kumi na minane nimeushika huu ugomvi kiganjani, Baba Mize. Umeniunguza."

Akakifungua kiganja chake kutuonyesha. Na wallahi katikati ya kiganja palikuwa na wekundu, duara, kama mtu aliyetoka kupondaponda pilipili sasa hivi.

Mize akasogea kinuni. Mwashamba akamshika bega.

"Mwanangu, wewe ni mdogo. Una maisha."

"Maisha ya nini, Bi Mwashamba? Pilipili ni moja." Akautoa mkono begani. "Ninyi kila mmoja ana neno alilolikosa. Mimi sina hata la kukosa. Baba ukifumba macho unaisikia sauti yake. Wewe pia. Hata huyu mwizi anaijua, anasema ni ya puani! Mimi mtoto wake sikujua kama ni ya puani. Nikiota namwona anafumbua mdomo, hakitoki kitu, namwangalia meno tu. Na mkiniuliza nani alizizalisha, mmekaa mnamwagilia maua yanaanguka, miaka nenda miaka rudi, ninyi na huzuni zenu. Unyoya ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Usimjibu hivyo mama yako mkubwa," Singano akasema.

"Mama yangu yuko pale kwenye kinu, baba."

Hapo hata mimi nywele zilinisimama. Maana aliposema hivyo ile pilipili ilijiviringisha juu ya kinu. Kinu kiko sawa, hapana upepo, hapana aliyekigusa. Ikazunguka mara moja, kikonyo chake kikapita kwa Singano, kikapita kwa Mwashamba, kikapita kwa Mize, kikasimama hakielekei kwa yeyote. Ngozi yake ikaanza kukunjamana, kama kidole kilichokaa majini.

"Inanyauka," akasema Singano.

"Kilua!" Mwashamba akapaza sauti. "Alimtaja nani kwanza?"

Wote watatu wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, na mimi ni mtu niliyetazamwa sana.

"Yalitoka kwa pamoja," nikasema.

"Majina matatu kwa pamoja?" Mize akauliza. "Kwa mdomo mmoja, mjomba?"

"Aliyekufa hana taratibu zetu," nikasema.

Juu ya mti yalibaki majani manne. Ndege yuko paani, kichwa upande. Wakageukia kinu. Singano akanyosha mkono. Mwashamba akanyosha mkono, ule wenye wekundu. Mize akanyosha wake. Mikono mitatu juu ya pilipili moja, hakuna aliyeshusha, maana kila mmoja aliyataka yale maneno, na hakuna aliyekuwa na roho ya kuwanyima wawili wengine kwa kuwahi. Yakabaki majani matatu. Yakabaki mawili.

Mnataka niwaambie nani aliiokota. Nilikuwa pale, nilimwona. Siwaambii. Semeni ninyi kwanza, mngekuwa mmesimama pale nilipokuwa nimesimama, mngemwambia nani ashushe mkono: aliyetia mbegu, aliyelinda mti, au aliyeuzalisha?

Ee, nasikia mmeshaanza kubishana. Wanaume wanasema Singano. Akina mama naona mmegawanyika. Ngojeni. Kabla hamjakata shauri, kuna jambo moja katika hadithi hii nililitia mwenyewe. Moja tu, mengine yote nimeyaona kama nilivyoyaeleza. Ile sauti haikutaja majina. Niliyasema yale kwa sababu nilikuwa mwizi nimelala chali, na wao walikuwa wamenisimamia, wananitazama kwa macho yale. Ningewaambia nini?

Alichosema Sikudhani ni hiki. Alisema, "Kuna nani hapo?" Akanyamaza. Akawa anasikiliza, kama mtu aliye ndani ya chumba kisicho na dirisha aliyesikia mlango ukiguswa. Nami mdomo umejaa moto. Akasema tena, polepole zaidi, "Kuna nani hapo?" Nikaitema pilipili.

Basi alikuwa bado anangoja. Pilipili ni moja, na mti umebakiwa na majani mawili. Je, nani alistahili kwenda kumwitikia?